Shahada ya uhandisi wa programu za utafiti: dhana potofu na ukweli wake

Chuo kinapoanza kuandaa mtaala wa wahandisi wa programu za utafiti, yaani wanaoandika na kutunza programu za kompyuta ambazo watafiti huzitegemea, dhana inayojitokeza mapema ni kwamba shahada ya kawaida ya sayansi ya kompyuta inatosha, mradi liongezwe somo moja la takwimu. Ukweli ni kwamba kazi hizi mbili hutofautiana tangu mwanzo. Anayetengeneza mfumo wa mishahara anajua jibu sahihi kabla hajaanza; anayeandika programu ya kukadiria mwenendo wa tabianchi halijui, kwa kuwa jibu lenyewe ndilo linalotafutwa. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kufundishwa kupima programu ambayo matokeo yake hayajulikani: aijaribu kwa mifano myepesi inayoweza kukokotolewa kwa kalamu, ahakiki kwamba nishati haipotei njiani pale isipopaswa kupotea, kisha ailinganishe na programu nyingine iliyoandikwa kwa njia tofauti.

Wapo wanaoamini kwamba mtafiti mwerevu atajifunza mwenyewe akiwa kazini. Wengi wamefanya hivyo, na waliyoyafanya si haba. Hata hivyo, uchunguzi wa Software Sustainability Institute, taasisi inayoshughulikia programu za utafiti nchini Uingereza, mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watafiti waliohojiwa waliandika programu zao wenyewe, na kati ya hao asilimia 21 hawakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Madhara yake huja kimyakimya. Mwaka 2019 wanakemia walibaini kwamba programu fupi zilizoandikwa kwa lugha ya Python, zilizokuwa zikitumika tangu 2014, zilitoa majibu tofauti kulingana na mfumo endeshi wa kompyuta. Zilisoma mafaili zikitegemea kuyapata yakiwa yamepangwa, ilhali Python haitoi ahadi hiyo na kila mfumo huyaleta kwa mpangilio wake. Tiba ilikuwa kuyapanga mafaili kabla ya kuyasoma, jambo dogo kabisa, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna onyo lililotokea kwenye skrini. Mfano huu ningeufundisha katika muhula wa kwanza.

Kuhusu imani kwamba mtaala bora ni ule uliosheheni lugha nyingi za programu, inatosha kukumbusha kwamba Fortran ilitoka mwaka 1957 na hadi leo inaendesha programu kubwa za utabiri wa hali ya hewa. Mhitimu atarithi msimbo, yaani maandishi ya programu, wa wengine mara nyingi kuliko atakavyoanza upya. Zoezi linalomfaa ni kupewa programu ya zamani yenye maelfu ya mistari, isiyo na maelezo, ambayo mwandishi wake ameshahama, na kutakiwa kuongeza kipengele kimoja bila kuvuruga matokeo yaliyopo. Atagundua upesi kwamba kabla ya kugusa mstari wowote anahitaji majaribio yatakayomjulisha pindi matokeo yanapobadilika. Alama zake zitoke pia kwenye historia ya mabadiliko katika Git, chombo cha kutunza kumbukumbu za kila badiliko la programu, ambamo kila hatua imeelezwa sababu yake.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayomwona mhandisi huyu kuwa fundi wa kuitwa kitu kinapoharibika. Cheo chenyewe kilipewa jina nchini Uingereza mwaka 2012 kwa sababu watu waliokuwa wakiibeba kazi hii vyuoni hawakuwa na nafasi rasmi wala njia ya kupanda daraja. Mtaala unaomwandaa kuwa mwenzi katika utafiti humweka ndani ya kundi la watafiti kwa miezi kadhaa, chini ya wasimamizi wawili, mmoja wa sayansi husika na mwingine wa uhandisi wa programu, naye huzoea kumwambia mtafiti mkuu, kwa heshima na kwa ushahidi, kwamba msimbo uliopo haujathibitisha hitimisho linaloandikwa.

Wengine hudhani lazima iwe shahada ya kwanza. Kwa maoni yangu uzamili unafaa zaidi, wenye milango miwili: anayetoka fizikia au biolojia aanze na uhandisi wa programu, anayetoka sayansi ya kompyuta aanze na mbinu za utafiti, kisha wakutane kwenye mradi mmoja ambao hakuna kati yao anayeweza kuumaliza peke yake.