Je, wajua kwa nini kamera iliona kinyago ikashindwa kumwona mwanafunzi?

Mwaka 2015 mwanafunzi wa uzamili katika MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, alikuwa akitengeneza kioo chenye mbwembwe: ukijitazama, unajiona umebandikwa sura ya mtu unayemhusudu, au hata ya simba. Ili kioo kifanye kazi, kamera lazima kwanza ijue uso uko wapi. Uso wa mwanafunzi huyo, Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, haikuuona. Akavaa kinyago cheupe, kamera ikakidaka papo hapo.

Kompyuta hujifunza nyuso kwa kuonyeshwa picha nyingi, na picha zenyewe zilijaa watu weupe. Katika Adience, mkusanyo mmoja maarufu wa kupimia programu hizo, asilimia 86.2 walikuwa na ngozi nyeupe. Kwa mizani ya namna hiyo, programu ilifaulu bila wasiwasi.

Hapo ndipo inapojalisha nani anasomea uhandisi ngazi ya juu. Shahada ya kwanza unapewa tatizo, unalitatua, unapata alama zako. Uzamili na uzamivu ni habari nyingine: tatizo unakuja nalo mwenyewe. Maabara ikijaa watu wa aina moja, yapo maswali ambayo hayataulizwa, wala si kwa roho mbaya. Hayajawahi kumkera yeyote aliyemo.

Buolamwini aliligeuza kero lake kuwa utafiti, akashirikiana na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa aliyechukua uzamivu chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Walihitaji picha za weusi na weupe, wake kwa waume, kwa uwiano unaokaribiana. Wakazipata bungeni! Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, nchi zenye wanawake wengi bungeni. Matokeo yalitoka 2018: katika kutambua jinsia, programu za kampuni tatu zilikosea wanaume weupe kwa asilimia 0.8 tu zilipofanya vibaya kabisa. Kwa wanawake weusi, kosa lilifika asilimia 34.7. Kampuni mojawapo ilikuwa Microsoft, mwajiri wa Gebru wakati huo. Upimaji uliporudiwa, kosa la Microsoft kwa wanawake weusi lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 20.8 hadi 1.5. Kumbe iliwezekana.

Sasa, mtu wa namna hii anaingiaje maabara? Mara nyingi anakwama kwenye fedha. GRE, mtihani wa kuombea uzamili na uzamivu uliodaiwa na vyuo vya Marekani kwa miaka mingi, unagharimu zaidi ya dola 200, na hapo hujalipia maombi ya chuo hata kimoja. Mhitimu wa Nairobi au Dar es Salaam hesabu hiyo anaijua. Idara kadhaa za vyuo zimeuondoa mtihani huo. Kwa Wamarekani kutoka jamii zenye wahandisi wachache, upo mpango wa GEM, ulioanza 1976: kampuni inampa mwanafunzi kazi ya mafunzo yenye malipo, chuo kinabeba ada. Mimi naona huo una maana kuliko mabango ya kukaribisha wote.

Akishaingia, anabaki mikononi mwa msimamizi, mtu anayeweza kumwambia kwamba hilo si suala la uhandisi, atafute mada nyingine. Msimamizi wa Buolamwini, Ethan Zuckerman, aliipokea mada ya nyuso, na tasnifu ikakamilika 2017.