Hiki kisaa kinanifukuza

Mwaka jana nilikaa kibarazani kwa kijana mmoja, Sinza, nikimwangalia anavyojaribu programu yetu ya kulipia bili. Ana ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutuliza umakini. Alipofika kwenye uthibitisho akatoka kwenda kusoma meseji yenye namba ya siri, mdogo wake akamwita, muuza karanga akapita. Kurudi, fomu yote imefutika. Mara ya tatu akanirudishia simu: "Kaka, hiki kisaa kinanifukuza."

Kisaa kile nilikiweka mimi. Sekunde 60, zinahesabika kwa rangi nyekundu, nami nikajiona nimeimarisha usalama.

Siku hizi nikikagua programu naanza na swali hili: tumembebesha mtumiaji nini kichwani ambacho mashine ingekibeba yenyewe? Mwenye ADHD, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma) na mwenye usonji hawafanani, na hata wenye usonji wawili hawafanani. Ila mzigo huo unawachosha wengi wao.

Angalia namba zetu. Tokeni ya umeme ya LUKU ina tarakimu 20, namba ya kitambulisho cha NIDA nayo 20. Zikibanana kwenye mstari mmoja, mwenye disleksia anapotea katikati, anaruka moja au anairudia. Zitenganishe nne nne, ataona amefika kundi la tatu. Halafu mwache abandike namba aliyoinakili! Sijui nani alitufundisha kuzuia kubandika nywila eti kwa ajili ya usalama. Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 2023, unataka mtu aweze kuingia bila kulazimika kukariri, na kubandika ni mojawapo ya njia za kumsaidia.

Kuhusu muda, njia mojawapo ya mwongozo huohuo ni kwamba kikomo kikikaribia, mtumiaji aonywe, apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa kitendo chepesi, na aweze kuongeza angalau mara kumi. Kuna mahali kikomo hakikwepeki, kweli. Namba ya siri inayotumwa kwa meseji lazima ife baada ya muda. Lakini ikifa, fomu inakufa nayo kwa nini? Tuma nyingine, alichojaza kibaki palepale.

USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli, ni ngumu zaidi, kwa sababu muda wake uko mikononi mwa mtandao wa simu. Tulichoweza ni kuhifadhi hatua upande wa seva, yaani kwenye kompyuta yetu, si kwenye simu yake. Akipiga tena, anaulizwa: "Uliishia kwenye kiasi. Uendelee?"

Maneno nayo. Kitufe kikiitwa "Wasilisha" ukurasa huu, kisiitwe "Kamilisha" ukurasa unaofuata. Na ile "Ombi lako halijafanikiwa" naichukia kupita zote, maana haisemi kama pesa imekatwa. Mtu anabaki na wasiwasi, analipa mara ya pili. Andika: "Pesa haijakatwa. Namba ya mita ina tarakimu 11, umeweka 10."

Tulirudi Sinza bila kisaa. Safari hii alifika mwisho, akajibu simu katikati na bado akafika. Malipo yalipokubali, maua ya rangi yakamwagika skrini nzima, yanarukaruka. Akageuza simu kifudifudi. "Na haya ya nini sasa?"

Simu yake ilikuwa imewekwa ipunguze miondoko, na programu yetu haikuwa hata inaisoma mipangilio hiyo. Sasa inaisoma, lakini maua tumeyatoa kwa wote. Panatokea mstari mmoja: "Umelipa shilingi 12,000."