Domo Zege, Saundi na Ubuyu: Misimu Inayotaja Namna za Kusema

Katika isimu ya Kiswahili, misimu ni maneno yanayozushwa na kundi fulani la watu, yakatamba kwa kipindi, kisha mengi yakafa na machache yakapata kibali cha kuingia katika lugha sanifu. Tawi moja la misimu hiyo, nalo huenda ndilo lenye utani mwingi kuliko yote, ni lile linalomtaja mtu kwa jinsi anavyosema. Ukilisikiliza kwa makini utaona kwamba maneno humo huchukuliwa kuwa kitu cha kushikika, chenye uzito, ladha au povu.

Chukua "domo zege", msimu wa Tanzania unaomhusu mwanamume asiyeweza kutongoza. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likiwa bichi humiminika, lakini likicheleweshwa huganda na halichoteki tena kwa koleo. Ndivyo alivyo bwana huyo: njiani ana maneno tele, ila akifika mbele ya binti huishia kuuliza ni saa ngapi, na saa anayo mkononi. Mzaha haumo katika zege peke yake. Neno mdomo limevuliwa kiambishi chake likawa domo, umbo la ukubwa ambalo Kiswahili hulitumia pia kwa dharau, kama mtu anavyogeuzwa jitu. Umbo hilohilo liko katika "domokaya", yaani mtu asiyeweka siri; na ukilidogosha na kulirudufu unapata kidomodomo, ile tabia ya kusemasema yasiyokuhusu. Mdomo ni kiungo cha mwili, lakini domo ni shutuma.

Kinyume cha domo zege ni kijana anayejua "kumwaga sera". Usemi huu umetoka katika majukwaa ya kampeni, ambayo Watanzania waliyazoea baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea mwaka 1992 na uchaguzi wa 1995 kufuata. Mgombea humwaga sera ili apigiwe kura; kijana humwaga zake ili akubaliwe, na ahadi za wote wawili hupokewa kwa tahadhari ileile.

Sarufi nayo hushiriki utani. Watu wawili wakiketi kijiweni na vikombe vya kahawa, hupiga soga, na hakuna anayeumia. Lakini mmoja akimwambia mwenzake, "Kaka, hela yako nitakupa Ijumaa bila kukosa," huku Ijumaa tatu zikiwa zimeshapita, atajibiwa, "Ndugu yangu, usinipige saundi." Soga hupigwa na mtu, ilhali saundi mtu hupigwa. Kile kiambishi kidogo cha mtendwa, -ni- katika "usinipige", kinatosha kuonyesha kwamba katika mazungumzo haya yupo anayetarajiwa kuibiwa. Saundi, basi, ni maneno matamu ya kutafutia kitu. Fiksi ni tofauti kidogo, kwa kuwa mpiga fiksi aghalabu hutaka tu aonekane mkubwa, kwa mfano anaposimulia safari za ng'ambo na hati ya kusafiria hana. Anayekufunga kamba amekudanganya, na wewe umeamini.

Mitandao ya kijamii imetupa povu na ubuyu. Mtu akiandika aya nne za hasira kwa jambo lisilomgusa, huambiwa kwamba povu linamtoka, na hapo wachokozi humuuliza anatumia sabuni gani. Ubuyu ni umbea. Sijapata kuona jina lililolifaa jambo lake namna hii: ubuyu wa Zanzibar, zile mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, huanza kwa punje moja, ikafuata nyingine, hadi mfuko unakwisha, na ulimi uliogeuka mwekundu unakutoa siri.

Lafudhi pia haikusazwa. Tanzania mtu akisema Kiingereza kwa mbwembwe husemwa anatema yai, au anamwaga ung'eng'e, jina ambalo lenyewe linasikika kama sauti ipitayo puani. Wakenya wameligawa jambo hili mara mbili. Anayeiga lafudhi ya Wazungu ilhali hajawahi kuishi kwao huambiwa anatweng, na yule ambaye lugha yake ya mama inapenya katika matamshi, akabadilishana "r" na "l", huambiwa ameshrabu. Ugumu uko hapo, kwa sababu mwenye kuogopa kushrabu hujitahidi kutamka vizuri, na akizidisha jitihada kidogo tu, wenzake humcheka kwa kutweng.