Je, mtalii wa kitalu cha uwindaji hula fungu la mwenyeji?

Ukitaja uwindaji kuanzia Pawaga, Iringa, hadi Chunya, Mbeya, hukosi kusikia kwamba kila nyati anayepigwa na mtalii ametolewa kwenye fungu la wenyeji, ndiyo maana mwananchi akienda kuomba leseni anakuta zimekwisha.

Kiutaratibu, hayo ni mafungu mawili. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 na kanuni zake, mtalii huwinda kwenye kitalu, yaani eneo la uwindaji lililokabidhiwa kampuni, na kitalu hicho kina mgawo wake, yaani idadi inayoruhusiwa kuwindwa, kwa kila aina ya mnyama. Mwenyeji huombea leseni kwenye eneo la wazi lililotengewa wenyeji, kwa ada ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni. Ndani ya hifadhi ya taifa haruhusiwi yeyote kati yao. Pori la Akiba la Usangu, kwa mfano, liliingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na bunduki zikaishia hapo.

Manung'uniko hayakutoka hewani, lakini. Maeneo ya wazi yanamegwa na mashamba na mifugo, na bila bunduki inayomilikiwa kihalali leseni haikusaidii kitu. Mimi naona kero kubwa iko hapo.

Ukibahatika kuishika leseni ya jirani, isome: imeandikwa mnyama gani, wangapi, eneo lipi, tarehe zipi. Kisha mwulize afisa wanyamapori wa wilaya mambo mawili: eneo letu la wazi ni lipi, na mgawo wake msimu huu ni upi?