Kwa Nini Perl Haimo Katika Msingi wa FreeBSD

Anayesakinisha mfumo endeshi wa FreeBSD kwa mara ya kwanza hushangaa kukuta kompaila ya C (kigeuzi cha msimbo kuwa programu) imo, lakini Perl, lugha ya kuandikia skripti, na bash, programu ya kupokea amri, hazimo. Nimesimamia seva za mfumo endeshi huu kwa miaka mingi, na vijana ninaowafundisha kazi huniuliza: ikiwa karibu kila mtu huishia kuisakinisha programu fulani, kwa nini isiwemo tangu mwanzo?

Kikwazo si ubora wa programu, bali ni mwendo wake. Kila kinachoingizwa katika mfumo wa msingi, yaani sehemu inayokuja na FreeBSD yenyewe, huwa ni ahadi kwamba kitatunzwa bila kubadilika ovyo kwa muda wote wa uhai wa tawi lile la matoleo. Perl ilikuwemo hadi ilipoondolewa katika toleo la 5.0, Januari 2003. Matoleo ya 4 yalibaki na Perl 5.005, ilhali Perl 5.6 ilikwisha kutoka mwaka 2000 na 5.8 ikafuata mwaka 2002, kwa hiyo aliyehitaji iliyo mpya alisakinisha ya pili kando ya ile ya zamani, kisha akahangaika kujua skripti ipi inaita ipi. Ilipoondolewa, skripti za mfumo zilizoitegemea ziliandikwa upya kwa C au kwa sh, lugha ya amri iliyomo katika msingi.

BIND, programu ya seva ya majina ya vikoa (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), nayo iliondolewa katika toleo la 10.0, mwaka 2014, nafasi yake ikachukuliwa na Unbound, iliyo ndogo zaidi, kwa kuwa si kila mashine inahitaji seva kamili ya majina ya vikoa. Siku ya kwanza niliandika dig, amri ya kuulizia majina iliyokuja na BIND, nikajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Ilinibidi nizoee drill, amri inayofanya kazi hiyohiyo. Nilikereka, lakini uamuzi ulikuwa sahihi.

Kipimo changu cha kinachostahili kuwemo katika msingi ni hiki: mashine ikiwa tupu mbele yako, je, unaweza kuzifikia programu nyingine zote kwa kutumia kilichomo tu? FreeBSD imelijibu swali hilo kwa ustadi ninaoupenda sana. Amri ya pkg iliyomo katika msingi ni programu ndogo tu. Ukiiita mara ya kwanza hukueleza kwamba kisimamizi cha vifurushi bado hakijasakinishwa, hukuomba ruhusa, kisha hukipakua na kuhakiki saini yake. Kisimamizi chenyewe, kilicho nje ya msingi, huendelea kwa kasi yake.

Debian, mfumo endeshi wa Linux, ilichelewa kwenye kipimo hichohicho. Kwa miaka mingi kisakinishi chake rasmi hakikubeba programu-dhibiti (programu zinazoendesha vifaa vya ndani ya kompyuta) zisizo huria, hata kompyuta ya mkononi ambayo kadi yake ya Wi-Fi ilizihitaji, na isiyo na njia nyingine ya kuingia mtandaoni, ikashindwa kuzipakua kwa sababu zilikuwa mtandaoni. Wanachama walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu zijumuishwe, na Debian 12 ikatoka nazo Juni 2023. Ningekuwa na kura, ningeipiga miaka kumi kabla.