Globe ya leo si ile aliyoigizia Shakespeare

Ukitembea ukingo wa kusini wa mto Thames, London, utakuta Globe, jumba la maigizo la mviringo lenye kuta nyeupe na paa la nyasi. Wengi hupiga picha wakiamini Shakespeare mwenyewe alikanyaga humo. Sivyo. Jumba hilo lilifunguliwa 1997. Aliyelipigania kwa miaka mingi ni mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker, na inasikitisha kwamba alifariki 1993 kabla halijakamilika.

Globe ya kwanza ilijengwa 1599, tena kwa mbao zilizokwishatumika. Mwigizaji James Burbage alikuwa amejenga ukumbi wa maigizo huko Shoreditch, kaskazini mwa mto, mwaka 1576, kwenye kiwanja cha kukodi. Muda wa mkataba ulipokwisha, mwenye kiwanja akaleta ugomvi. Basi mwishoni mwa Desemba 1598, wanawe Burbage wakaja na fundi seremala, Peter Street, wakaubomoa ukumbi na kuchukua mbao zao, ambazo baadaye zilivushwa ng'ambo ya mto kujenga Globe. Ujasiri ulioje!

Juni 29, 1613, mzinga ulifyatuliwa katikati ya mchezo kuhusu Mfalme Henry VIII. Cheche zikadaka nyasi za paa, jumba zima likateketea. Barua ya wakati huo inasimulia kwamba mtu mmoja alishika moto suruali, akauzima kwa chupa ya bia.

Globe ya pili, yenye paa la vigae, ilikuwa tayari 1614. Bunge lilifunga kumbi zote za maigizo 1642, nayo ikabomolewa baadaye. Sehemu ya msingi wa zamani ilifukuliwa 1989, mita 230 hivi kutoka jumba linalopigwa picha leo.