Maji ya Jabal Akhdar yana wenyewe

Msimu wa waridi, Aprili hadi katikati ya Mei, ndio unaoleta malalamiko mengi kutoka vijiji vya Jabal Akhdar, Oman. Mgeni amenawa miguu kwenye falaji, yaani mfereji wa maji wa kijiji, au mtoto ameondoa jiwe la kuziba maji ili ayaone yakikimbia. Hawakukusudia ubaya. Lakini kauli kwamba maji ya mlimani ni ya Mungu, basi hayana mwenyewe, tumeisikia mara nyingi mno, na si kweli.

Maji ya falaji yana wenyewe, na kila mmoja humiliki zamu inayopimwa kwa muda. Kipimo ni athar, yaani nusu saa. Usiku na mchana hufanya athar 48. Wazee walipima mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Wakili wa falaji (si yule wa mahakamani) hutunza hesabu ya zamu, husimamia mnada wa zile za falaji yenyewe ili kupata fedha za ukarabati, na huamua ugomvi. Asiyeridhika huenda kwa sheikh, kisha kwa wali, yaani mkuu wa wilaya. Maji hupita kwanza pa kunywa, halafu msikitini, halafu pa kuogea, ndipo yafike mashambani. Kwa hiyo anayenawa miguu juu kabisa amechafua maji ya kunywa, na anayezibua kwa dakika 10 amemnyang'anya mtu theluthi ya athar yake.

Falaji tano za Oman ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mojawapo, Al-Khatmayn, iko Birkat al-Mawz, barabara ya kupandia mlimani inapoanzia. Hapo polisi hukagua: gari lisiloendeshwa na magurudumu yote manne hurudishwa, na kubishana hakusaidii. Kuharibu mali ya urithi ni kosa chini ya sheria iliyotolewa kwa amri ya Sultani namba 35 ya 2019.

Mkifika vijiji vya Al-Aqr au Al-Ayn, msikanyage kuta za mawe zinazoshikilia matuta ya mashamba. Ukuta ukibomoka, udongo uliobebwa na vizazi huishia bondeni.

Na marashi ya waridi. Waswahili tunayajua tangu utotoni, tumerashiwa kwenye harusi na maulidi. Ya huku hupikwa kwa maua yaliyochumwa alfajiri, ndani ya tanuri la udongo, mvuke ukidondoka tone kwa tone bakulini, kisha huachwa yatulie wiki kadhaa. Rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi vimetoka kwenye tanuri hilo. Tafadhali msimwambie mzee aliyeyapika kwamba ameyachakachua.